Mwalimu Apime Maji Kwanza: Ndere Kama Darasa la Sayansi

Mazungumzo kwa walimu, wazazi na wakazi wa ufuo wa ziwa

 

Mazungumzo ya leo yanahusu mafunzo ya vitendo ya sayansi ya mazingira kwa walimu, ndani ya hifadhi ya taifa. Hoja ni moja: mwalimu ambaye hajawahi kupima maji ya ziwa kwa mikono yake atapata taabu kumfundisha mtoto kuyapima.

Kaunti hii ina mahali pazuri pa mafunzo hayo. Kisiwa cha Ndere, katika Ghuba ya Winam, kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1986. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4.2, na jina lake kwa Kijaluo lina maana ya mahali pa kukutania. Swala pala wako nchi kavu, furukombe wako mitini, viboko na mamba wako majini. Kwa kuwa kisiwani hakulimwi wala hakulishwi mifugo, mwalimu anaweza kutandaza kamba ya mraba wa mita moja, ahesabu aina za mimea iliyomo, kisha arudie zoezi hilo hilo kando ya shule yake. Tofauti ya hesabu hizo mbili inatosha kuwa somo la wiki nzima.

Zoezi la pili ni la maji. Padri Angelo Secchi wa Italia alijaribu mwaka 1865 kifaa ambacho bado kinatumika duniani kote: kisahani cheupe kinachoshushwa majini kwa kamba. Kile cha maziwani siku hizi hupakwa rangi nyeupe na nyeusi. Mpimaji husoma kina ambapo kisahani kinapotea machoni, na kina ambapo kinaonekana tena kikivutwa juu, kisha hutafuta wastani. Watafiti waliochunguza Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928 walikiona kisahani kwa mita kadhaa kwenye maji ya katikati ya ziwa. Leo, ndani ya ghuba karibu na Kisumu, mara nyingi hupotea kabla ya mita moja. Udongo unaoletwa na mito kama Nyando, mbolea ya mashamba, na maji taka ya mijini yanayorutubisha mwani, vyote vina mchango wao.

Zoezi la tatu ni la wadudu. Chandarua kidogo kikipitishwa kwenye matope ya ukingo huleta viluwiluwi. Baadhi yao huhitaji maji yenye oksijeni nyingi. Wale wekundu, ambao wakikomaa huwa miongoni mwa wadudu wanaopaa juu ya ziwa kama moshi, huvumilia oksijeni kidogo. Wekundu wakibaki peke yao, hiyo ni dalili kwamba maji yamechoka.

Mkazi anaweza kuuliza: haya yote yanamsaidia nani? Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa muda mfupi. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, walieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini. Kisahani cha shule hakingezuia hasara hiyo. Lakini watoto wanaopima mahali pamoja kila wiki, mwaka baada ya mwaka, huacha kumbukumbu ambayo mtaalamu anaweza kuitumia na mzazi anaweza kuielewa.

Gharama nayo ina njia. Mpango wa SMASSE, ulioanza nchini mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliwahimiza walimu wa hisabati na sayansi kujitengenezea vifaa kwa vitu vilivyo karibu nao. Kifuniko cha ndoo ya rangi, jiwe, na kamba iliyofungwa fundo kila sentimita 10 vinatosha kuwa kisahani. Shule isiyomudu mashua inaweza kufika Hifadhi ya Swala ya Kisumu, iliyoanzishwa mwaka 1992 kando ya ziwa, au kwenye mafunjo ya Dunga, au hata Mto Kisat unaopita mjini.

Tahadhari ni lazima. Kisiwani, watu waongozwe na askari wa wanyamapori, na kila aliye kwenye mashua avae jaketi ya kuelea. Mtoto asiingie kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono, kwa sababu ya kichocho. Sampuli zichotwe kwa ndoo yenye kamba, mchotaji akiwa nchi kavu, na mikono inawe kwa maji safi na sabuni.

Wakazi wajue pia nani anahusika. Hifadhi husimamiwa na KWS. Walimu wa msingi na sekondari huajiriwa na TSC. Kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo mafunzo haya yanahitaji makubaliano ya pande hizo zote, na Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kulinda mazingira.

Siku ya mafunzo inayoishia kwenye cheti na chakula cha mchana haitoshi. Mwalimu arudi shuleni na vitu vitatu: kisahani alichokitengeneza mwenyewe, mahali pamoja pa kupimia, na daftari. Mzazi anayehudhuria mkutano wa shule ana haki ya kuomba kulifungua daftari hilo. Likiwa tupu, aulize kwa nini. Likiwa limejaa, alisome pamoja na mtoto wake.