Betri Isituletee Ugomvi

(Mazungumzo na wahudumu wa trela ya kliniki na kamati ya afya ya parokia)



Ndugu wapendwa, trela yetu inalala vigango vya mbali ambako stima haijafika. Jua likizama, ni betri peke yake inayoshika taa na friji ya chanjo. Nanyi mnajua chanjo zinataka baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Betri ikiisha saa nane usiku, asubuhi mama anafika na mtoto mgongoni, ametembea tangu alfajiri, nasi hatuna cha kumpa.

Hapo ndipo tunapoanza kutafuta mchawi. Dereva anamsema nesi, nesi anawasema vijana waliochaji simu, na kila mtu anaapa hakugusa kitu. Ndiyo maana nawaomba tufunge mita ya betri.

Tupige hesabu. Betri yetu ya asidi ni ya ampea-saa 100. Ukiitumia kupita nusu kila mara, inakufa mapema. Kwa hiyo tuna 50 tu za kugawana. Friji ikivuta ampea 4, na kuwaka nusu ya usiku wa saa 12, inakula 24. Taa mbili za wati 5, kwa saa sita, zinakula 5. Jumla 29. Zinabaki 21. Simu moja hula kama 1.5, basi simu kumi zinaingia, lakini ishirini zitavunja nyumba.

Mtu atasema, “Si tunatazama volti?” Sawa, betri iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.7, na ikifika nusu kama 12.2. Lakini jua likiwaka au friji ikinguruma, namba hiyo inadanganya. Mita yenye shanti inahesabu kinachoingia na kinachotoka.

Kuifunga si kazi ngumu. Tenga kwanza paneli ya sola, kisha waya za betri, ukianza na hasi. Shanti inakaa upande wa hasi. Waya zote za hasi, za friji, taa, kontrola ya sola, hata ile ya bodi ya trela, zihamie ng’ambo ya shanti. Ukiacha hata moja kwenye betri, umeme wake hauhesabiwi. Waya mwembamba wa mita uende chanya kupitia fyuzi. Halafu andika 100 kwenye mita, na ujaze betri kabisa kabla ya kuanza kuiamini.

Tukubaliane sheria moja: jua linapozama, mita ikisoma chini ya asilimia 80, simu zingoje kesho, hata ya Padre. Namba iandikwe daftarini jioni na asubuhi, kila mtu aione. Hapo hatutasemana tena.