Mwendo Kasi Barabarani: Dereva Siyo Mkosaji Peke Yake

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya siku moja ya madereva, wamiliki wa vyombo vya usafiri na viongozi wa mitaa, Magomeni, Dar es Salaam.

 

Awali ya yote tunawashukuru kwa kuitikia wito wetu. Tunajua kwamba kwa dereva, siku moja ya semina ni siku moja bila hesabu. Tumepewa mada isemayo "Sheria ya mwendo na adhabu zake". Tutaizungumzia, lakini tunaomba mturuhusu tuizungumzie pamoja na hiyo hesabu, kwa sababu tumejifunza kwa gharama kubwa kwamba mambo hayo mawili hayatenganishwi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya Sheria za nchi yetu, inaelekeza kwamba katika miji na maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Nje ya maeneo hayo, magari ya biashara na ya abiria yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Penye alama ya mwendo mdogo zaidi, alama ndiyo inayofuatwa. Aidha, pikipiki na bajaji haziko nje ya sheria hii. Hamsini ya daladala ndiyo hamsini ya bodaboda.

Dereva akikamatwa na kukiri kosa, hupewa taarifa ya kosa na kulipa faini bila kufikishwa mahakamani. Asipokiri, ana haki ya kwenda kujitetea mahakamani. Lakini mwendo huo ukisababisha kifo au majeraha, jambo haliishii kwenye faini ya barabarani. Hapo dereva hushitakiwa. Na ile ya kumalizana mkononi siyo faini, ni rushwa, na kwa sheria zetu anayetoa ana kosa sawa na anayepokea.

Kwa nini hamsini?

Wengi wetu tunaifahamu namba hiyo kama namba ya trafiki. Tungependa muione kama namba ya mtu anayetembea kwa miguu.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto barabarani, huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari hilo litasimama baada ya mita 28 hivi. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde, na litahitaji karibu mita 57. Sasa tumweke mtoto mmoja mita 29 mbele ya magari yote mawili. Gari la kwanza linasimama mbele yake. Gari la pili linamfikia likiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa, maana breki zimeanza kushika muda mfupi tu uliopita. Mtoto ni yule yule, barabara ni ile ile, na madereva wote wawili walikanyaga breki kwa wakati mmoja.

Je, tunapata nini kwa kukimbia? Tuchukue kilomita tatu, takribani safari ya kutoka hapa Magomeni kwenda Kariakoo. Kwa mwendo wa 50 ni dakika tatu na sekunde 36. Kwa mwendo wa 80 ni dakika mbili na sekunde 15. Tofauti ni sekunde 81, na hapo tumefanya kana kwamba hakuna taa, foleni wala abiria wa kushusha. Taa za makutano ya Barabara ya Kawawa na Morogoro peke yake zinaweza kuzimeza sekunde hizo zote.

Jiji letu limeyapa mabasi ya DART jina la mwendokasi tangu yalipoanza mwaka 2016. Tusidanganywe na jina. Basi lile lilibuniwa liwahi kwa sababu limetengewa njia yake, siyo kwa sababu dereva wake anashindana. Na tukumbuke kwamba vituo vyake viko katikati ya barabara. Kila abiria anayeshuka Mapipa, Usalama au Mwembechai ni lazima avuke njia za magari mengine ndipo afike nyumbani. Barabara ya Morogoro hapa kwetu ni barabara ya magari, na pia ni njia ya maelfu ya watu wanaovuka kwa miguu.

Jumamosi ni siku yenu

Sasa tuseme la kwetu. Miaka michache iliyopita mradi wetu uliwakopesha vijana wa kikundi kimoja pikipiki kumi na mbili. Tuliwapa mafunzo ya udereva, kofia ngumu na makoti ya kuakisi mwanga. Marejesho yalikuwa kila Jumamosi jioni. Aliyekosa Jumamosi moja alitozwa faini na kikundi, aliyekosa mbili alirudisha pikipiki. Katika taarifa zetu za robo mwaka tuliandika kwamba marejesho ni asilimia mia moja, tukajipongeza.

Ikaja wiki moja ya masika. Jangwani pakajaa maji, barabara ya kwenda mjini ikafungwa siku mbili, na vijana wakakaa kijiweni bila abiria. Sisi hatukubadilisha kitu. Jumamosi ile, saa kumi na mbili jioni, mmoja wa vijana wetu alimgonga mama mmoja aliyekuwa akivuka kutoka kituoni. Mama alivunjika mguu, kijana akavunjika bega. Mama yule alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na kwa biashara hiyo alikuwa akisomesha watoto watatu. Ilipita miezi mitano kabla hajawasha jiko tena.

Tulikwenda kumwona kijana wodini. Tukamwuliza, kama mzazi anavyouliza, "Ulikuwa unakimbilia wapi?" Alitujibu bila hasira yoyote: "Mratibu, si ilikuwa Jumamosi? Jumamosi ni siku yenu."

Ndugu zetu, tulirudi ofisini tukiwa kimya. Kijana alikuwa amevunja sheria, na hilo hatulifichi. Lakini ule mwendo tuliuweka sisi, kwa kalamu, katika mkataba wa mkopo.

Faini na hesabu

Hatusemi faini iondolewe. Bila adhabu sheria inabaki kuwa ushauri. Tunachosema ni kwamba faini ina mipaka yake.

Kwa miaka mingi faini ya papo hapo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali iliishusha hadi 10,000 kwa pikipiki na bajaji, kwa kuzingatia kipato cha vijana. Lakini faini ya namna hiyo haitofautishi aliyezidisha kilomita tano na aliyezidisha arobaini. Majirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za mwaka 2016, walipanga ngazi: aliyezidisha hadi kilomita 5 kwa saa alipewa onyo, kutoka 6 hadi 10 alilipa shilingi 500 za Kenya, kutoka 11 hadi 15 shilingi 3,000, na kutoka 16 hadi 20 shilingi 10,000. Huo ni mpango unaomweleza dereva kwamba hatari huongezeka kila kilomita inapoongezeka. Nasi tungeweza kujifunza jambo hapo.

Jambo la pili, faini humfikia dereva tu. Tajiri jioni anataka hesabu yake kamili, awe dereva ametozwa faini au hakutozwa. Dereva aliyelipa faini saa nne asubuhi atazirudisha wapi fedha hizo? Atazirudisha barabarani, kwa kukimbia zaidi. Hivyo adhabu iliyokusudiwa kupunguza mwendo inaweza kuuongeza mchana ule ule.

Jambo la tatu, tunajua wenyewe jinsi madereva wanavyowashiana taa kuambiana kwamba mbele kuna tochi. Mwendo unashuka, tochi inapitwa, mwendo unapanda. Hapo aliyeogopwa ni askari. Mtoto anayevuka zebra mbele ya safari hakufikiriwa.

Tufanye nini?

Kwanza, wamiliki. Tunaposema tajiri wa daladala au wa bodaboda, tusidhani ni mtu wa mbali. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni mzee wa kanisa, ni sisi tuliomo humu ukumbini. Mradi wetu ulibadilisha mkataba. Marejesho sasa ni ya mwezi, siyo ya wiki. Kila mwezi una siku nne zisizohesabiwa, na siku ambazo barabara imefungwa kwa mafuriko hazihesabiwi kabisa. Mkopo uliopangwa kuisha kwa miezi kumi na minne uliisha kwa kumi na saba. Mfadhili alituuliza kwa nini, tukamweleza ukweli kama tunavyowaeleza ninyi. Kikundi chetu ni kidogo, hatuwezi kujigamba kwamba tumemaliza ajali. Lakini vijana wenyewe wanatuambia kwamba Jumamosi imekuwa siku kama siku nyingine. Tunawaomba wamiliki mkae na madereva wenu mpange hesabu ambayo mtu anaweza kuipata akiwa chini ya hamsini. Kama haipatikani kwa hamsini, basi hesabu hiyo ndiyo yenye kosa.

Pili, madereva. Mnaposikia shinikizo la tajiri limezidi, semeni mapema, tena semeni kwa pamoja kupitia vijiwe na vyama vyenu. Na tunaomba desturi ya kuwashiana taa muitumie vizuri: mwonyeni mwenzenu kwamba mbele kuna watoto wanavuka.

Tatu, abiria. Sisi ndio tunaomwambia bodaboda, "Kimbiza, nimechelewa." Tukichelewa kutoka nyumbani, tusimlipishe mtu mwingine kwa mguu wake. Neno "punguza mwendo" halina faini wala halihitaji tochi.

Nne, viongozi wa mitaa. Barabara yenyewe inaweza kumshika dereva saa zote, hata askari asipokuwepo. Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend limejenga njia za waenda kwa miguu, matuta na vivuko kuzunguka shule za msingi, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Mwaka 2020, mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi waliokutana Stockholm, Sweden, walikubaliana kwamba panapochanganyika magari na watu wa miguu, mwendo ushushwe hadi kilomita 30 kwa saa. Kwa mwendo huo, gari huweza kusimama ndani ya mita 13 hivi. Tunapendekeza kila serikali ya mtaa iliyopo hapa iorodheshe mahali watoto wanapovukia, kisha maombi ya alama, matuta na vivuko yapelekwe kwa maandishi TARURA kwa barabara za mitaa, na TANROADS kwa barabara kuu. Ofisi yetu iko tayari kusaidia kuandika barua hizo, hata kuanzia leo mchana.

Ndugu Mwenyekiti, yule mama wa vitumbua amekubali kuja leo, naye ameketi katikati yetu. Hakutaka kuhutubia. Alituomba tuseme jambo moja tu kwa niaba yake: kwamba aliliona taa la pikipiki likiwa mbali, na akadhani anao muda wa kutosha kuvuka. Kwa mwendo wa hamsini, angekuwa nao.