Koo la Mtoto Linapouma
Msikilizaji, mtoto akilalamikia koo, msogeze mwangani, aachame aseme "aaa". Akiwa na mafua, kikohozi na sauti iliyokauka, mara nyingi ni virusi. Antibayotiki hazisaidii kitu. Mpe vinywaji vya uvuguvugu, apumzike. Lakini homa ikipanda ghafla, hakohoi, tezi za shingo zimevimba na mafindofindo yana madoa meupe ya usaha, hasa mwenye miaka 5 hadi 15, mpeleke kituo cha afya apimwe, maana macho peke yake hudanganya. Huenda ni bakteria aina ya streptokoka, na wakiachwa huweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo, jambo linalosikitisha mno kwa koo lililokuwa linatibika! Akiandikiwa dawa za siku 10, azimalize, hata kama siku ya tatu ameshaamkia mpira.