Loiyangalani: Kijiji cha Jangwani na Lugha Iliyonyamaza



Tumezoea kuanza uchunguzi wa Kiswahili mwambaoni, penye hati za kale na tungo za washairi. Leo naomba tuelekee kaskazini mwa Kenya, hadi Loiyangalani, kijiji kilichoko ufukweni mwa Ziwa Turkana, upande wa kusini-mashariki.

Mashariki ya kijiji umesimama Mlima Kulal, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,200. Kaskazini-mashariki limetanda Jangwa la Chalbi. Magharibi ni ziwa lenye maji ya magadi. Upepo mkali huvuma karibu mwaka mzima. Hata hivyo, katikati ya mawe meusi ya volkano hububujika chemchemi ya maji matamu, na kandokando yake imeota mikoma. Kwa Kisamburu, Loiyangalani ni mahali penye miti mingi. Jina hilo, basi, lilimwelekeza msafiri penye kivuli na maji.

Ziwa lenyewe limepewa majina kadhaa. Wasamburu waliliita Basso Narok. Mwaka 1888 Teleki na von Höhnel walilifikia, wakaliita Rudolf, kwa heshima ya mrithi wa ufalme wa Austria. Mwaka 1975 likaitwa rasmi Turkana. Majina hayo yote yamehifadhiwa vitabuni.

Yasiyohifadhiwa ni mengi ya yale waliyoyatumia Waelmolo, wavuvi wachache ambao kwa vizazi vingi waliyaendea mawimbi ya ziwa hilo kwa vyelezo vya magogo ya mkoma. Lugha yao ilikuwa ya Kikushi. Kwa kuoana na kuishi pamoja na Wasamburu, taratibu walikihamia Kisamburu, ambacho ni lugha ya Kiniloti. Hapakuwa na amri wala vita. Wataalamu wa isimu walipokuja kuandika, lugha ilikwisha kubakia katika vinywa vya wazee wachache, na baadaye katika msamiati haba, hasa wa samaki na uvuvi.

Kwa nini habari hii iletwe katika mhadhara wa Kiswahili? Leo Waelmolo, Waturkana, Wasamburu na Warendile wanakutana Loiyangalani, na Kiswahili kinawaunganisha sokoni na shuleni. Hiyo ni fahari yetu. Lakini Kielmolo kinatufundisha kwamba lugha hufa hata baina ya majirani wema. Kiswahili hakikukiua, hata hivyo, kisipoangaliwa, kinaweza kuzimeza nyingine zilizosalia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inalitaka Dola likuze na kulinda lugha anuwai za wananchi. Wajibu huo ni mmoja, haugawanyiki.

Hivyo basi, napendekeza kwamba wanafunzi wetu wa leksikografia wapelekwe huko pia, wakusanye maneno ya upepo, ya samaki na ya chemchemi, wayafafanue kwa Kiswahili, na kumtaja kila mzee aliyewafundisha, kwa ridhaa yake. Kamusi ya namna hiyo haitamfufua aliyekwisha kunyamaza. Itawafaa wanaosema bado.