Makala za Tovuti Moja Zinapogombea Msomaji Mmoja

Kipindi hiki kinahusu tatizo linalowapata wachapishaji wengi wa intaneti, nalo ni makala za tovuti moja kugombea maneno yaleyale ya utafutaji, yaani maneno anayoyaandika msomaji kwenye injini ya utafutaji kama Google anapotaka habari fulani.

Mfano wake ni tovuti ya kilimo inayochapisha makala ya "Kilimo bora cha tikiti maji", kisha mwaka unaofuata ikachapisha "Jinsi ya kulima matikiti", zote zikieleza nafasi kati ya mashimo, mbolea na umwagiliaji. Injini hushindwa kubaini ipi ndiyo kuu, hivyo huenda leo ikaleta hii na kesho ile, huku viungo, yaani njia zinazowaleta wasomaji kutoka tovuti nyingine, vikigawanyika baina yao. Kuongeza makala ya tatu hakusaidii, kwa kuwa tangu 2019 Google kwa kawaida haionyeshi zaidi ya kurasa mbili za tovuti moja katika matokeo ya juu ya swali moja.

Hata hivyo, kutumia neno moja si kugombana. Mkulima anayeuliza namna ya kupanda tikiti hana haja moja na mchuuzi anayeuliza bei yake, na makala zinazowajibu zinaweza kukaa pamoja bila kudhuriana. Ugomvi hubainika kwa Search Console, huduma ya bure ya Google inayoonyesha kurasa zilizojitokeza kwa kila swali: zinapopokezana nafasi kwa swali lilelile, na zote zikawa za chini, hapo pana la kurekebishwa.

Haja ikiwa moja, yaliyo mazuri katika makala dhaifu huhamishiwa kwenye ile yenye wasomaji na viungo vingi, kisha anwani ya zamani huelekezwa huko kwa msimbo wa 301, unaoiarifu injini kwamba ukurasa umehama kabisa. Kuifuta tu huwafikisha wasomaji kwenye ukurasa usiopatikana. Ikilazimu kurasa mbili zinazofanana zibaki, hutumika alama ya ukurasa mkuu, iliyotangazwa mwaka 2009 na Google, Yahoo na Microsoft, ingawa Google huichukulia kuwa pendekezo, wala si amri. Haja zikiwa tofauti, hutosha kubadili vichwa na maudhui ili kila makala ijibu swali lake.

Kinga yake ni mchapishaji kuorodhesha swali linalojibiwa na kila makala, na swali likiwa tayari lina makala, kuihuisha ya zamani badala ya kuandika mpya.