Tukialikwa kwa Wakubwa, Tutazame Ardhi



Kuna barua imenifikia kutoka Karatu. Aliyeiandika ni dereva wa watalii, mtu wa miaka mingi katika kazi ya kupandisha magari Ngorongoro na kuyateremsha. Anasema tajiri wake amealikwa kwenye mashindano ya gofu ya kuchangia hisani, katika klabu moja ya heshima, naye ametakiwa afuatane naye. "Ndugu mtangazaji," anauliza, "mimi gofu siijui, wala fimbo yake sijapata kuishika. Nitatazama nini kutwa nzima nisije nikaonekana mshamba?"

Swali hili nimelipenda, maana si lake peke yake. Wengi wetu tukifika mahali pa wakubwa hutazama magari yaliyoegeshwa, mazulia, glasi, na nani kakaa na nani. Tukirudi nyumbani tunasimulia bei ya soda. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote mahali pale, yaani uwanja wenyewe, hatukisemi. Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18 na hula hekta 50 au 60, na vingi huzidi hapo. Kila kilima, kila kijito na kila mti ndani yake umeamuliwa na mtu. Ama mtu huyo aliukuta akauacha, ama aliukuta akauondoa, ama hakuukuta akauweka. Kazi hiyo ina wataalamu wake, kama ilivyo kazi ya kuchora majumba.

Basi jibu langu kwa ndugu yetu ni fupi: tazama ardhi. Na ukiitazama, jiulize swali moja tu. Huyu aliyechora uwanja huu alishauriana na ardhi, au aliiamrisha?

Ili swali hilo lieleweke, twende kwanza Uskoti, nyumbani kwa mchezo huu. Uwanja mashuhuri kuliko yote duniani, ule wa St Andrews, mwanzoni haukuwa na mchoraji. Ulikuwa ukanda wa mchanga na nyasi kati ya bahari na mashamba, mahali pasipolimika, penye upepo na kondoo. Watu walipiga mpira wakifuata mabonde yaliyokuwapo. Inasimuliwa kwamba hata vile vishimo vya mchanga, ambavyo leo mchezaji huviogopa kama deni, vilianza pale kondoo walipojikunja kukwepa upepo na kuichimbua nyasi. Mwaka 1764 wenyeji walipunguza mashimo ya mzunguko wao kutoka 22 hadi 18, na hiyo 18 ndiyo dunia nzima inayoifuata hata leo.

Kadhalika, uwanja huo si mali ya klabu ya matajiri. Ni ardhi ya umma. Siku za Jumapili kwa kawaida gofu haichezwi kwenye uwanja ule wa kale, na wananchi hupita humo wakitembea na watoto na mbwa wao. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba uzuri wa uwanja unatokana na urefu wa ukuta wake.

Baadaye wakaja wachoraji. Mmoja wao alikuwa daktari, jina lake Alister MacKenzie, mzaliwa wa Uingereza mwenye asili ya Uskoti. Daktari huyu alikwenda Afrika Kusini katika vita vya Waingereza na Makaburu, vilivyoanza mwaka 1899 na kumalizika mwaka 1902. Huko aliona jambo ambalo hakulisahau. Makaburu walikuwa wachache, lakini walichimba mahandaki yao yakafanana na kilima chenyewe, hata adui akayakaribia bila kuyaona. MacKenzie akarudi kwao, akaacha udaktari polepole, akaanza kuchora viwanja vya gofu kwa elimu ile ile ya kujificha. Imani yake, aliyoiandika katika kitabu kidogo mwaka 1920, ilikuwa kwamba kazi ya mchoraji ni kuuiga uzuri wa asili mpaka mtu ashindwe kutambua wapi asili imeishia na wapi mkono wa binadamu umeanzia.

Viwanja vyake vinasifiwa hadi leo. Mmoja ni Augusta National huko Georgia, Marekani, alioujenga pamoja na mchezaji Bobby Jones na kufunguliwa mwaka 1933. Palikuwa kitalu cha miti ya matunda na maua. MacKenzie alifariki Januari 1934, miezi miwili tu kabla mashindano makubwa ya uwanja ule hayajachezwa kwa mara ya kwanza.

Sasa, ndugu yangu wa Karatu, ukifika kwenye klabu hiyo, nakupa mambo matatu ya kutazama.

La kwanza, geuka nyuma. Mchezaji akisimama mahali pa kuanzia, vishimo vya mchanga humkodolea macho mbele yake. Wewe nenda mpaka kwenye bendera, halafu geuka utazame ulikotoka. Kama mchoraji alikuwa fundi wa aina ya MacKenzie, vishimo vingi vitakuwa vimepotea. Utaona majani tu yakiteremka, kana kwamba hakuna aliyewahi kugusa jembe pale. Lakini ukiona vishimo vimetapakaa kila upande kama sahani mezani, jua kwamba mchoraji alitaka asifiwe yeye.

La pili, tafuta njia mbili. Shimo zuri humpa kila mchezaji nafasi kulingana na uwezo wake. Kuna njia pana, salama na ndefu, na kuna njia nyembamba, fupi na ya hatari. Shimo la 13 pale Augusta ni mfano unaotajwa sana: kijito kinapita mbele ya bendera, na mchezaji huchagua kukivuka kwa mkwaju mmoja wa ujasiri au kusogea taratibu na kukivuka baadaye. Uwanja mbaya humlazimisha kila mtu njia moja, na asiye na nguvu humwadhibu tu. Hapo kuna somo hata kwa wasiocheza gofu, kuanzia walimu hadi wenye kutunga sheria.

La tatu, fuata maji. Mvua ikinyesha hapa, yatakwenda wapi? Nyasi hizi, wakati wa kiangazi, zinanyweshwa kutoka wapi? Uwanja uliowekwa vizuri hupitisha maji palepale yalipokuwa yakipita tangu zamani. Uliowekwa vibaya huyasukumia kwa jirani wakati wa masika, na kumnyang'anya jirani huyo wakati wa kiangazi.

Na usipoelewa jambo, usimuulize mgeni rasmi. Muulize kedi, yule kijana anayebeba mfuko wa fimbo. Kedi ndiye msomi wa uwanja. Anajua upepo wa asubuhi na wa jioni, na anajua mwinamo ambao jicho halionyeshi. Wengi wa wachezaji wetu hodari wa Afrika Mashariki walianzia hapo, kwa kubeba fimbo za wengine.

Mifano ya karibu pia ipo. Karibu na Usa River, mkoani Arusha, upo uwanja wa Kili Golf, wenye mashimo 18, uliochorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, yule yule aliyechora ule wa Vipingo kule pwani ya Kenya. Pale Usa River mchezaji hupewa Kilimanjaro upande mmoja na Meru upande wa pili. Milima hiyo haikugharimu senti, maana fundi mwerevu huazima cha mbali akakifanya cha kwake. Na kule Jinja, Uganda, karibu na ziwa, klabu ilipata kuweka kanuni kwamba mpira ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji auokote na kuuweka pembeni bila adhabu. Huo ndio unaoitwa kushauriana na ardhi, pamoja na wenyeji wake wenye miguu minne!

Lakini, wasikilizaji, nisingelichukua muda wenu wote huu kwa ajili ya mchezo wa wachache kama mambo yangeishia kwenye gofu. Karatu haina sifa ya gofu. Ina sifa ya hoteli, na hoteli nazo ni mahali pa wakubwa ambapo wengi wetu huingia kwa mwaliko au kwa kazi. Jicho lile lile linafaa huko.

Panda mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Shimo lile lina upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600, nawe umesimama kwenye baridi, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Hoteli ya Serena, iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1990, ilijengwa kwa mawe, ikalazwa chini kufuata ukingo, ikaachiwa mimea itambae juu yake. Ukiwa chini kwenye kreta, kuitambua ni kazi. Hapo hapo ukingoni ipo Crater Lodge, iliyoanza kama vibanda vya magogo katika miaka ya 1930 na kujengwa upya mwaka 1997 kwa mchoro wa Silvio Rech wa Afrika Kusini. Hiyo imeamua kusema: nyumba juu ya miguu ya miti, madohani marefu, na ndani taa za vioo kama kwa wafalme wa Ufaransa. Mmoja ananong'ona, mwingine anaimba. Kila mtu na pendeleo lake, lakini angalau sasa unajua unachokichagua.

Tena elimu hii Karatu si ngeni. Wairaqw wa zamani, huko Mbulu walikotoka wengi wao, walichimba nyumba zao ndani ya mteremko, na paa la udongo likalingana na kilima. Mgeni aliweza kutembea juu ya dari ya mtu asijue. Walifanya hivyo kuwakwepa Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe. Tazameni basi: Makaburu wamejificha risasi, Wairaqw wameficha ng'ombe, na yule daktari akaificha kazi yake. Wote watatu walifundishwa na kilima.

Na hasara ya kutojua kutazama ni kubwa. Siku hizi milima ya Karatu inajengwa kwa kasi, na kila anayejenga anataka kuona mbali. Kuona mbali maana yake ni kupanda juu, na kupanda juu maana yake ni kuusogelea msitu. Msitu ule wa nyanda za juu ndio unaokamata ukungu na mvua. Maji yake ndiyo chemchemi za Karatu, ndiyo kahawa ya Oldeani, ndiyo mifereji ya vitunguu kule Mang'ola. Udongo wetu mwekundu nao ukivuliwa majani hautanii. Masika moja yanatosha kuacha korongo. Mwenye kujenga hujenga kile kinachosifiwa. Sisi tukisifu vioo na vigae tu, atatujengea vioo na vigae. Tukianza kuuliza maji yanakwenda wapi, na madiwani wetu wakauliza hivyo hivyo kabla ya kupitisha ramani, atalazimika kuwa na jibu.

Limebaki swali la mwisho, nalo ni gumu. Mahali hapa alikuwapo nani kabla? Klabu za gofu za wakati wa ukoloni, kwetu na kwa majirani zetu, zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia akiwa amebeba mfuko. Augusta yenyewe, pamoja na uzuri wake wote, haikumpokea mwanachama mweusi hadi mwaka 1990, na mwanamke hadi mwaka 2012. Wala tusiwacheke. Ile mandhari ya kreta isiyo na boma hata moja, ambayo mgeni huipiga picha akidhani iko hivyo tangu kuumbwa kwa dunia, ilikuwa na watu. Wamasai waliokuwa wakiishi chini kule waliondolewa mwaka 1974. Na tangu mwaka 2022 familia nyingi nyingine zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, na mjadala wa uhamisho huo haujapoa. Uzuri wa mahali haufuti swali hilo, na swali hilo nalo halifuti uzuri. Mtu mzima anaweza kuyabeba yote mawili.

Kwa hiyo, ndugu dereva, nenda bila wasiwasi. Wewe ambaye kwa miaka umewasomea wageni nyayo za simba na mwelekeo wa upepo, ndiye uliyejiandaa kuliko wengi watakaokuwa pale na fimbo mikononi. Valia viatu vya kutembea, uwanja mzima si chini ya kilomita sita. Kaa kimya mtu anapopiga, usikanyage mstari wa mpira wake, na usiingie kwenye mchanga. Hayo ndiyo adabu, nayo yanafundishika kwa dakika moja. Kutazama kunahitaji muda mrefu zaidi, lakini hakuna kiingilio.