Mlango Bila Daka: Reli, Barabara na Lango la Kamata



Nyumba ya mawe ya Lamu haiingiwi moja kwa moja kutoka njiani. Kwanza unapita dakani, pahali penye kivuli na baraza za kukalia. Hapo mgeni hupiga hodi, hutua mzigo, huvuta pumzi, ndipo akakaribishwa ndani. Jioni hii nina dai moja: Dar es Salaam imejenga milango mikubwa, lakini imesahau daka.

Mlango ninaouzungumzia ni wa kuingilia jiji kutoka upande wa Pugu. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, waliianzia bandarini. Barabara ya Pugu, ambayo leo tunaiita Nyerere, nayo ilifuata upande huohuo. Kwa hiyo reli na barabara husogeleana kadiri zinavyokaribia mjini, hadi zinapokutana Kamata, mahali palipobaki na jina la Kampuni ya Mabasi ya Taifa hata baada ya mabasi yenyewe kutoweka.

Hatukukaa bure. Mwaka 2018 daraja la juu la Mfugale lilifunguliwa pale makutano ya Tazara. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria, Juni hadi Morogoro na Julai hadi Dodoma. Inaingia mjini juu ya nguzo, haigombani na magari, huku reli ya zamani ikiendelea chini yake. Mabasi ya mwendokasi nayo yamepewa njia zao. Zote ni kazi nzuri, na zote zilipimwa kwa swali lilelile: chombo kipite kwa kasi gani?

Sasa mfuateni mama aliyeshuka treni ya Morogoro, mtoto mgongoni, begi begani, kiroba cha mchele mkononi. Behewani alikuwa na kiyoyozi na kiti chenye namba. Nje ya stesheni madereva wa bajaji na bodaboda wanamvuta huku na huku: “Mama, Kariakoo? Twende!” Yeye ameamua kutembea, kwani si mbali. Njia ya miguu inaanza vizuri. Mbele kidogo inakatwa na mtaro usio na mfuniko, kisha inazibwa na pikipiki zilizoegeshwa. Mama anashuka barabarani, kiroba upande wa magari, na honi zinaanza. Msimu wa masika, hata mtaro wenyewe hauonekani ulipo.

Katika mwendo huo mfupi amepita mikononi mwa wenye mji wengi: Shirika la Reli na eneo lake, TANROADS na barabara kuu, TARURA na mitaa, DART na mwendokasi, Halmashauri ya Jiji na wafanyabiashara. Kila mmoja atakuonyesha kipande chake, na huenda hakina neno. Fundi seremala atakuambia kwamba mlango mara nyingi hauharibikii ubaoni. Huharibikia kwenye bawaba. Mji wetu unalegea pale kipande cha huyu kinapopakana na cha yule.

Daka letu lijengwe kwa mambo matatu. Kwanza, njia moja ya miguu isiyokatika, kutoka stesheni hadi Mnara wa Saa na hadi Kariakoo, yenye upana wa kuwapisha watu wawili wenye mizigo. Inapokutana na mtaa, lami ndiyo iinuliwe kuifuata njia ya miguu. Mama asipandishwe ngazi ili gari lisipunguze mwendo.

Pili, tutumie kivuli tulichokwisha kukilipia. Chini ya reli ya SGR, kati ya nguzo zake, pana kivuli tayari. Mama lishe na machinga wapangiwe meza hapo, pawe na maji, choo na benchi. Mwaka 2021 tuliwaondoa machinga kando ya barabara. Lakini biashara hufuata watu, na isipotengewa nafasi itajitengea yenyewe katikati ya njia.

Tatu, eneo lote liwe na msimamizi mmoja, hata kama kila taasisi itabaki na mali yake. Raia akiona mfuniko umeibwa, ajue amwambie nani.

Nitaambiwa fedha hakuna. Mifuniko, miti na zege la njia ya miguu ni gharama ndogo mbele ya daraja la juu. Aliyeweza kununua mlango hashindwi kununua bawaba.

Wanafunzi wangu, kabla hamjachora mstari wowote, nendeni stesheni, mbebe mzigo mkononi, mtembee hadi Kariakoo. Pale mtakapolazimika kushuka barabarani, wekeni alama. Kazi ianzie hapo.